Dakika kumi hivi kwa Kifaransa: uchague "environ", "dizaine", namba mbili au "jusqu'à"?

"Laisser mijoter deux bonnes heures." Sentensi hii ya maneno matano iliharibu sufuria nzima ya nyama, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa namtafsiria mapishi mama mmoja anayepika kwenye hoteli ndogo ya pwani, nikaandika: "Acha ichemke taratibu kwa saa mbili nzuri." Saa mbili zilipotimia akazima moto, akaniita jikoni. Alichoma uma kwenye pande la nyama. Uma uliingia nusu ukagoma, na alipouinua pande zima likaja nao. "Mwanangu, saa mbili si ndizo hizi? Mbona bado inavuta?"

Neno "bonnes" hapo haliisifu saa. Linasema saa mbili zizidi. Aliyeandika alikuwa anamwambia msomaji wake "saa mbili na ushei, usiwe na haraka ya kuzima", nami nikampa mama yule saa mbili kamili pamoja na kivumishi kisicho na kazi.

Tangu siku hiyo nayachukulia kwa uzito maneno haya madogo ya kukadiria. Kiswahili kinayo mengi, na tunayatumia bila kufikiri: dakika kumi hivi, kama dakika kumi, takribani, kumi na ushei, nusu saa kasoro kidogo, yapata saa mbili. Hakuna anayechanganya "na ushei" na "kasoro kidogo". Kifaransa nacho kina mafungu yake, na kila fungu lina mahali pake. Anayeandika au kusoma maelekezo ya kupika na ya mazoezi kwa Kifaransa, awe mpishi Bujumbura, mwalimu wa mazoezi Lubumbashi au Goma, mhudumu wa hoteli Zanzibar anayepokea wageni kutoka Ufaransa, au mfasiri kama mimi, hufika mahali akakwama: dakika kumi hivi niziandikeje?

Tunapima kwa nini

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni upande ambao kosa linaruhusiwa kuelekea. Kitunguu kinachokaribia kuwa cha kahawia, ukikizidishia dakika mbili kimeungua. Maharage ukiyazidishia dakika kumi hayadhuriki, bali ukiyapunguzia utayatafuna kama kokoto. Mazoezini ni hivyohivyo. Kupasha mwili moto kukizidi dakika tatu hakuna neno, lakini mtu mgeni akishurutishwa kuongeza nusu dakika kwenye planki, ile ya kujishikilia kwa viwiko mwili ukiwa umenyooka, wakati kiuno kimeshaanza kubonyea, anayeumia ni yeye.

Cha pili ni upana wa kosa: ni sekunde chache, dakika mbili, au robo saa nzima? Cha tatu ni namna neno linavyokaa katika sentensi na linavyosikika mdomoni, maana mwalimu wa mazoezi hamwandikii mtu, anasema kwa sauti na muziki unapiga. Cha nne ni mazingira: jikoni au mazoezini, kwenye pakiti ya dukani au kwenye daftari la nyumbani. Mwisho, kila fungu nitasema linamfaa nani.

Kabla hatujaanza, ipo mida isiyotaka kukadiriwa kabisa, na hapo usitafute neno lolote kati ya haya. Wafaransa wana kanuni ya mayai ya 3, 6, 9. Tangu maji yachemke, dakika 3 zinatoa "œuf à la coque", lile la kuchovya mkate na kuliwa kwa kijiko. Dakika 6 zinatoa "œuf mollet", ute umeshika na kiini bado kinatiririka. Na dakika 9 zinatoa yai gumu. Ukiandika "6 minutes environ" umeshamkaribisha msomaji kwenye yai gumu. Mazoezini mfano wake ni Tabata, mtindo uliopewa jina la mtafiti Mjapani Izumi Tabata: sekunde 20 za nguvu zote, sekunde 10 za kupumzika, mara 8, jumla dakika 4. Namba hizo ndizo zoezi lenyewe. Ukizikadiria umebuni zoezi jingine.

"Environ" na ndugu yake "à peu près"

*Kosa linaelekea wapi.* Pande zote mbili sawasawa. "Environ 20 minutes" ni dakika ishirini hivi, zikipungua moja au mbili sawa, zikizidi moja au mbili sawa. Neno lenyewe lina asili ya kuzunguka, ndiyo maana "les environs" ni viunga vya mji. Upana wake unategemea namba unayoliambatanisha nayo. Kwenye saa 3 msomaji atajipa robo saa huku na huku, na kwenye dakika 5 hatazidisha dakika moja.

*Linakaaje, linasikikaje.* Hapa ndipo lilipo na raha, maana ni neno lisilobadilika. Halina umoja wala wingi, halina jinsia, na linakubali kukaa mbele au nyuma: "environ 20 minutes", "20 minutes environ". Likikaa nyuma linafanana kabisa na "hivi" yetu katika "dakika ishirini hivi". Ukitaka kuongeza "pendant" ongeza, "pendant 20 minutes environ", lakini baada ya vitenzi vya jikoni kama "laisser cuire" (acha iive) au "laisser reposer" (acha itulie) wengi huiacha bila kupoteza kitu. "À peu près" ina maana ileile, ila ni ya mdomoni zaidi na kwa kawaida hukaa mbele: "à peu près dix minutes".

*Jikoni na mazoezini.* Pakiti za tambi na za supu zimejaa "10 min environ", kwa sababu mtengenezaji hajui jiko lako na hataki kujifunga. Kwenye mazoezi utalikuta katika "tenez la position 30 secondes environ", shikilia mkao sekunde 30 hivi. Mtu mzima anayefanya peke yake nyumbani hilo linamtosha. Kwenye darasa la watu ishirini linaleta fujo kidogo, kwa sababu kila mtu ana "environ" yake.

*Linamfaa nani.* Linamfaa anayeandika Kifaransa kwa woga, kwa maana si rahisi kulikosea. Linamfaa pia anayeandika lebo au maelekezo ya kazini yasiyotakiwa kuwa na sauti ya mtu. Yako mambo mawili ya kuepuka: kuliweka mbele ya namba ambayo tayari ina kukadiria ndani yake ("environ une dizaine de minutes" ni sawa na kusema "kama takribani kumi hivi"), na kuliweka mbele ya namba yenye uhakika wa ajabu. "Environ 17 minutes" inamfanya msomaji ashangae, maana kama unakadiria, hiyo saba imetoka wapi?

Familia ya "-aine": "une dizaine", "une vingtaine"

*Kosa linaelekea wapi.* Pande zote pia, lakini limelegea zaidi ya "environ". Anayesema "une dizaine de minutes" hana saa mkononi. Anakuambia kwa uzoefu kwamba ni kiasi cha kumi, na ukikuta nane au kumi na mbili usimdai.

*Linakaaje, linasikikaje.* Hapa kuna kazi kidogo. Kwanza, si kila namba ina "-aine" yake. Zipo huitaine, dizaine, douzaine, quinzaine, vingtaine, trentaine, quarantaine, cinquantaine, soixantaine na centaine. Ya 25 hakuna, ya 35 hakuna, ya 45 hakuna, na mwanafunzi anayejaribu "quarante-cinquaine" atachekwa bure. Kwa dakika 45 sema "trois quarts d'heure" (robo tatu za saa) au rudi kwa "environ". "Neuvaine" ipo, lakini ni sala ya siku tisa ya Wakatoliki, novena, si ya jikoni.

Pili, haya ni majina ya kike, na baada yake lazima ije "de": "une vingtaine de minutes", "une trentaine de secondes", na ikifuata irabu au "h" isiyotamkwa inakuwa "d'": "une douzaine d'heures". Kuangusha hiyo "de" ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kwa waandishi wanaofikiri kwa Kiswahili, kwa sababu sisi tunasema "dakika kama ishirini" bila kiunganishi chochote.

Tatu, kuna wanne katika familia hii walio na maisha mengine. "Une douzaine d'œufs" sokoni ni mayai 12 kamili. Dazeni yetu imetoka Kiingereza, nacho kiliichukua Kifaransa cha kale. "Une huitaine de jours" ni wiki, na "une quinzaine de jours" ni wiki mbili, kwa vile Wafaransa huhesabu wiki kuwa siku nane na wiki mbili kuwa siku kumi na tano. Mwalimu akikuandikia "reprenez la course après une quinzaine de jours", usihesabu kumi na tano kwenye vidole. Rudi kukimbia baada ya wiki mbili. Na "quarantaine", ambayo kwenye dakika ni arobaini hivi, ikisimama peke yake ni karantini, ile ya kutengwa, ambayo zamani ilikuwa ya siku arobaini.

Sasa kuhusu sauti, ambayo naona haisemwi vya kutosha kwa wanafunzi wetu. "Dix minutes" haitamkwi "dis minit". Ile "x" hunyamaza mbele ya konsonanti, ikabaki "di minit". Na "deux minutes" ina irabu ambayo Kiswahili hakina, kwa hiyo sikio letu huivuta kuelekea "e" au "i" iliyo karibu. Muziki ukiwa juu, mtu anaweza kushika planki akisubiri dakika kumi badala ya mbili, au kuitoa keki ikiwa bado uji. Hatari zaidi ni "deux heures" na "douze heures". Zote zina "z" katikati, na tofauti ni irabu moja tu, lakini nyama iliyoloweshwa kwenye siki na viungo kwa saa 2 si sawa na iliyolala humo saa 12. "Une dizaine de minutes" na "une douzaine d'heures" zinaondoa utata huo mara moja, kwa kuwa hakuna "deuxaine" ya kuzichanganya nayo.

*Jikoni na mazoezini.* Jikoni ni lugha ya anayepika kwa kuonja: "laissez revenir les oignons une dizaine de minutes", kaanga vitunguu dakika kumi hivi. Mazoezini hutumika kwa sekunde na hata kwa idadi ya marudio, "une dizaine de répétitions", na inamtuliza anayeanza, kwamba akiishia pushapu tisa hajafeli.

*Linamfaa nani.* Linamfaa anayesema kwa sauti, na anayetaka maandishi yake yawe na joto la nyumbani. Halimfai anayeandika jedwali lenye nafasi finyu, wala anayehitaji 25 au 45.

"Bon" na "petit": "une bonne heure", "une petite demi-heure"

*Kosa linaelekea wapi.* Hapa ndipo Kifaransa kinapokupa usichokipata kwenye mafungu mawili yaliyotangulia, yaani mwelekeo. "Bon" unasukuma juu: "une bonne heure" ni saa nzima na ushei, haipungui. "Petit" unavuta chini: "une petite demi-heure" haifiki nusu saa, au inaigusa tu. Kwa Kiswahili tunayo hasa: "na ushei" kwa "bon", "kasoro kidogo" kwa "petit". Ningekuwa nimeyajua haya mapema, mama yule angekuwa na nyama laini.

*Linakaaje, linasikikaje.* Kivumishi hufuata jinsia na idadi: "un bon quart d'heure", "une bonne heure", "deux bonnes heures", "un petit quart d'heure". Kikikutana na namba, namba hutangulia. Kinakubali pia kupanda juu ya "-aine": "une bonne vingtaine de minutes" ni ishirini na ushei, "une petite vingtaine" ni ishirini isiyotimia. Angalia na tahajia: "une demi-heure" haina "e" mwishoni mwa "demi", lakini "une heure et demie" inayo.

*Jikoni na mazoezini.* Vyakula vya moto mdogo ndivyo makao ya "bon": nyama ngumu, kunde, mchuzi wa mifupa. Vyakula vya kuangaliwa ndivyo makao ya "petit": samaki, mboga za majani, karameli. Mazoezini inabidi kuwa macho, maana "bon" huko hubeba maana yake ya kawaida pia. "Un bon échauffement" ni kupasha mwili moto vizuri, kwa ukamilifu, wala hakuna saa ndani yake. "Dix bonnes minutes d'échauffement" ni dakika kumi zisizopungua. Ili "bon" ihesabu muda, lazima igusane na neno la muda: heure, minutes, quart d'heure, vingtaine.

*Linamfaa nani.* Linamfaa mwandishi anayejua chakula chake kinaharibika kwa upande gani. Halifai kwenye pakiti ya bidhaa wala kwenye maelekezo yatakayosomwa na watu wanaojifunza Kifaransa, kwa sababu atakayelitafsiri neno kwa neno ataanguka nilipoanguka mimi.

Namba mbili: "10 à 15 minutes"

*Kosa linaelekea wapi.* Linaelekea popote, ila ndani ya uzio. Namba ya kwanza ni ya kuanza kutazama, ya pili ni ya kutovuka. Mpishi mzoefu akiona "35 à 40 minutes" anafungua oveni dakika ya 35, anachoma keki kwa ncha ya kisu, halafu anaamua. Msomaji mvivu anaweka saa dakika ya 40 na kuondoka. Kwa hiyo fungu hili linategemea msomaji ajue kazi ya ile namba ya kwanza.

*Linakaaje, linasikikaje.* "10 à 15 minutes", "de 10 à 15 minutes", "entre 10 et 15 minutes" zote ni sawa. Chunga tu usiseme "entre 10 à 15". Iko pia kanuni nzuri ya kale: namba mbili zinazofuatana huunganishwa kwa "à" ikiwa kitu kinagawanyika, na kwa "ou" ikiwa hakigawanyiki. "5 à 6 minutes", maana kuna dakika tano na nusu. Lakini "5 ou 6 œufs", kwa vile hakuna yai tano na nusu. Na vipimo vikitofautiana, taja vyote viwili: "de 30 secondes à 1 minute".

*Jikoni na mazoezini.* Oveni ndiyo inayolifaa zaidi, kwa kuwa oveni mbili hazifanani hata zikiandikwa nyuzi 180 zote mbili. Ndiyo maana utakuta "selon votre four" pembeni, kulingana na oveni yako. Mazoezini lina kazi nyingine iliyo bora zaidi: namba ya kwanza ni ya anayeanza, ya pili ni ya aliyezoea. "Tenez 20 à 40 secondes, selon votre niveau" inamheshimu kila aliyemo darasani. Lakini uzio mpana kiasi hicho jikoni ni mtego. "20 à 40 minutes" kwa kuku ni kumwacha mtu njia panda.

*Linamfaa nani.* Linamfaa anayeandikia watu asiowajua, wenye vifaa tofauti na nguvu tofauti. Linamfaa pia mfasiri, kwa sababu linahamia Kiswahili bila kupoteza chochote: dakika 10 hadi 15.

Ishara badala ya saa: "jusqu'à"

*Kosa linaelekea wapi.* Saa imeondolewa kabisa, na kosa linakuwa la jicho, pua na kidole. "Jusqu'à ce que les oignons soient translucides": hadi vitunguu viwe kama vya kioo. Hii ndiyo lugha ya mama zetu, ambao hawakuwahi kusema dakika. Walisema hadi mafuta yapande juu, hadi nazi itue, hadi maji yakauke.

*Linakaaje, linasikikaje.* Hapa sarufi ni nzito kuliko kote, na siifichi. Baada ya "jusqu'à ce que" kitenzi kinaingia "subjonctif", umbo la jambo linalongojewa, kama "viwe" yetu: si "sont" bali "soient", si "épaissit" bali "épaississe". Asiyeimudu ana mlango wa pembeni, nao ni halali kabisa na mfupi, yaani jina badala ya kitenzi: "jusqu'à ébullition" (hadi ichemke), "jusqu'à coloration" (hadi ibadilike rangi), "jusqu'à épaississement" (hadi iwe nzito), "jusqu'à absorption complète de l'eau" (hadi maji yakauke yote), ambayo mpika wali yeyote wa pwani anaielewa bila kamusi.

*Jikoni na mazoezini.* Jikoni ndilo fungu la kweli kuliko yote, kwa sharti kwamba msomaji ameshakiona chakula hicho. Asiyewahi kupika karameli hajui "rangi ya kaharabu" ni ipi, na akingoja aione kwa hakika, sufuria imeshafuka moshi. Mazoezini ishara ni pumzi na misuli: "le temps de cinq respirations", kwa muda wa pumzi tano, ni kipimo kizuri sana cha kunyoosha viungo, kwa kuwa kila mtu anacho mwilini mwake. Lakini "jusqu'à l'échec", hadi misuli ishindwe kurudia tena, usimwandikie anayefanya peke yake na uzito juu ya kifua.

*Linamfaa nani.* Linamfaa anayewafundisha watu kupika kweli, na msomaji asiye na saa wala oveni yenye nyuzi. Halimfai anayeanza kabisa, isipokuwa likishikana mkono na namba.

Yanayofanana lakini hayamo kwenye mashindano

"Vers" ni ya saa ya ukutani, sawa na "yapata" yetu, wala si ya muda wa kupikia. "Vers 8 heures" ni yapata saa mbili. "Cuire vers 10 minutes" haisemwi. Na kumbuka mtego wetu wenyewe: "une heure" ya muda ni saa moja, ila "une heure" ya ukutani ni saa saba.

"Dans 10 minutes" ni baada ya dakika kumi kutoka sasa. "En 10 minutes" ni kazi nzima kuisha ndani ya dakika kumi. "Au bout de 10 minutes" ni dakika kumi zikishapita, geuza au ongeza kitu. "Dans les 24 heures" kwenye pakiti, kama "à consommer dans les 24 heures", ni mpaka wa usalama: kula kabla saa 24 hazijapita. Mdomoni watu huisema pia kwa kukadiria, "dans les dix minutes", ila kwenye maandishi ya chakula naomba uiache, maana atakayeisoma kama makadirio anaweza kuumwa tumbo.

"Près de" na "presque" ziko chini ya namba, hazifiki. "Quelques minutes" ni dakika chache, na haisaidii mtu ambaye hajawahi kufanya jambo hilo.

Sasa uchague kulingana na ulipo

Kama unaandika lebo, menyu au maelekezo ya kazini, na Kifaransa chako bado kinajengeka, shika "environ" na uiweke baada ya namba.

Kama chakula kinaharibika kwa kuzidi, mfano samaki, mboga au karameli, tumia "petit" kwa msomaji anayekijua Kifaransa vizuri, au namba mbili zilizokaribiana kwa yeyote mwingine, "3 à 4 minutes", na uongeze ishara. Kama kinaharibika kwa kupungua, tumia "bon", au "au moins", angalau, ukiwa na shaka na msomaji wako.

Kama unaongoza darasa kwa sauti, chagua "une dizaine", "une vingtaine", "une trentaine", hasa pale ambapo "dix" na "deux" zinaweza kugongana masikioni. Ukiwa na mchanganyiko wa wazoefu na wageni, wape namba mbili na uwaambie ipi ni ya nani. Kwenye kunyoosha viungo mwisho wa kipindi, pumzi tano zinatosha.

Kama unaandikia watu wenye majiko tofauti, mkaa, gesi, umeme, basi unganisha: "une dizaine de minutes, jusqu'à ce que les oignons soient dorés". Namba inamwambia msomaji asiondoke mbali, ishara inamwambia azime lini.

Na kama unatafsiri kuja Kiswahili, tafuta kwanza upande wa kosa ndipo utafute neno. Karatasi ya mama yule nimeiandika upya, imebandikwa juu ya jiko lake: "Acha ichemke taratibu kwa saa mbili na ushei, hadi uma uingie bila kusukuma."